Nafasi Mbili za Apio

Kwa Wapadhola wa Tororo, mashariki ya Uganda, ukiitwa Apio huwezi kuficha kwamba ulizaliwa pacha. Jina hilo ni la aliyetangulia kutoka. Anayemfuata huitwa Adongo. Kwa hiyo kila aliyesalimiana na Apio, binti wa marehemu Odoi wa Paya, aliangaza macho nyuma yake kumtafuta mwenzake, kisha akaona haya. Adongo alichukuliwa na surua wakiwa bado wadogo. Apio alikuwa amechoka kulieleza jambo hilo kabla hata hajaanza shule.

Siku ya mazishi ya Adongo, wazee wa ukoo walimwachia mama yao, Felistus, sharti moja: tangu leo mtoto huyu apewe kimoja cha kila kitu. Kikombe kimoja, gauni moja, kipande kimoja cha samaki. Ukimpimia viwili, yule mwingine atajua kwamba fungu lake lipo, na atalifuata. Felistus alikuwa Msamia, mchuuzi wa samaki wa Majanji katika soko la Busia, na alilishika sharti hilo mpaka majirani wakamwita mchoyo. Apio hakuwahi kuongezwa hata ugali.

Basi mwaka wa sitini na tano serikali ilikuwa ikitafuta vijana wa kundi la ngoma la taifa, na mwalimu wa ngoma aitwaye Rasto akaletwa Tororo kuwafundisha. Alikuwa Mkenya wa ng'ambo ya Busia, mwembamba, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa kukaripia. Akapewa ghala tupu la pamba karibu na reli. Siku aliyomwona Apio akicheza, alimtaka kutwa nzima. Lakini Apio alikuwa kidato cha tatu katika sekondari ya serikali, na mkuu wa shule, Mwalimu Owor, hakuwa tayari kumwachia mwanafunzi anayeongoza kwa hesabu.

Wakamvutania pale ofisini, mwenyewe amesimama mlangoni, na hakuna aliyemwuliza anataka nini. Angeulizwa angesema anataka vyote viwili, cheti na jukwaa, tena anavitaka kwa uchu uliomnyima usingizi.

“Sasa tufanya hivi,” Owor alisema mwishowe, akijipongeza kwa tabasamu. “Huyu mimi nahesabu kama watoto wawili. Nafasi moja ya darasa, nafasi moja ya ngoma. Yunifomu mbili, chakula mbili. Asubuhi yeye nasoma, mchana yeye nakwenda kwa ngoma. Kwisha maneno.”

Jumamosi Apio alimpelekea mama yake habari hiyo sokoni. Felistus alikuwa akipanga samaki wakavu kwenye gunia. Mikono yake ikasimama.

“Mbili?”

“Mbili, mama. Yunifomu ya pili hii hapa.”

Apio alijiandaa kuambiwa airudishe siku hiyohiyo. Badala yake mama yake aliuliza ngoma inaanza saa ngapi na inachezewa wapi. Kisha akaichukua ile sare, akaifua, akaipiga pasi ya makaa taratibu, akinyoosha kola kwa vidole, akabaki nayo. Apio akadhani mama anafurahia bahati ya binti yake. Kwa nini asidhani hivyo?

Mazoezi hayakuwa na huruma. Rasto aliwachezesha mpaka magoti yakalegea, akawaamuru kuanza upya. Apio alimsifia kimoyomoyo na kumchukia vilevile. Kosa lake lilikuwa moja na halikutoka: kila alipozunguka aliacha nafasi upande wake wa kushoto, kama njia ya mtu kupita.

“Unamwachia nani?” Rasto alifoka. “Jaza hapo! Jukwaani ukiacha pengo, watazamaji wanaangalia pengo.”

Apio alijaribu kulijaza, akashindwa. Mwili ulikuwa na adabu zake.

Mitihani ilipokaribia, mambo yalianza kumwendea kombo. Masomo ya mchana yalikuwa yakimpita, kemia ikawa giza tupu, na asubuhi alisinzia juu ya ramani. Siku moja, badala ya kwenda ghalani, alibaki darasani kwa ajili ya hesabu. Alijua atakiona cha mtema kuni. Kesho yake alikwenda kwa Rasto, akaanza kuomba msamaha.

“Msamaha wa nini?” Rasto alicheka, jambo ambalo si kawaida yake. “Jana ulicheza nikanyamaza. Lile pengo umeliziba. Leo nataka vilevile.”

Apio akadhani anamkejeli. Akamgeukia Akurut, msichana wa Kiteso aliyecheza safu moja naye. Akurut alikuwa amenuna.

“Jana wewe natuaibisha sisi wote,” alisema. “Tena hata jasho hakuna. Unakula dawa gani?”

Hapo mtu mwingine angeuliza zaidi. Apio hakuuliza. Jumatatu akabaki tena darasani, na Jumanne, na hakuna aliyelalamika. Alama zake zikapanda, na sifa zake ghalani zikapanda pia. Alijiambia kwamba Rasto anawachanganya wachezaji, kwamba Akurut anatia chumvi, na uongo wa aina hiyo ambao mtu hujiambia anapopata anachokitaka bila kutoka jasho. Tusimlaumu sana. Maisha yake yote alikuwa amepewa kimoja.

Lakini hakustarehe. Mchana mmoja, jua likiwa kali na mabati yakilia kwa joto, aliomba ruhusa ya kwenda msalani, akapitiliza mpaka ghalani na kuchungulia kwenye mwanya wa ukuta.

Walikuwa wakicheza. Vumbi la pamba kuukuu lilipaa kila mguu ulipotua, na wachezaji walikuwa wamelowa migongo. Katikati yao kulikuwa na msichana aliyevaa sare iliyonyooshwa kola. Miguu yake ilipiga sakafu kwa nguvu kuliko ya wote, na vumbi halikuinuka. Alizunguka, na upande wake wa kushoto hakuacha nafasi hata ya mkono kupita. Kisha uso wake ukaelekea ukutani, Apio akauona uso anaouona kwenye kioo kila asubuhi, ila ulikuwa na furaha ambayo yeye hakuwahi kuwa nayo.

Alirudi shuleni akikimbia, na somo lililobaki hakusikia hata neno. Aliogopa, ndiyo, lakini chini ya hofu kulikuwa na wivu, na wivu ndio uliomfanya akate shauri. Ngoma ni yangu, alijiambia. Nitaichukua mwenyewe.

Wageni kutoka Kampala walipokuja kuchagua, Apio aliwahi mapema akasimama mahali pake. Ngoma zikalia. Akainua bega, likachelewa. Akazunguka, na lile pengo likafunguka kushoto kwake, pana kuliko zamani. Miguu ilikuwa imesahau, laini kama ya mtu anayeshinda kitini. Akurut alimgonga, mmoja wa wageni akaguna.

“Simamisheni!” Rasto alipiga makofi. Alimtazama Apio kwa hasira, kisha kwa mashaka. “Toka nje. Kanywe maji, upate akili, urudi.”

Apio akatoka. Alikuwa bado hajafika kwenye pipa la maji ngoma zilipoanza tena, na muda si muda ndani kukalipuka vifijo. Alisikia mgeni akiuliza jina la msichana yule. Alimsikia Rasto akijibu kwa majivuno: “Apio!”

Mlangoni alikuwa amesimama mama yake, furushi la nguo na samaki mkononi, amenyanyuka kwa vidole vya miguu ili aone ndani. Machozi yalikuwa yakimtiririka naye hayafuti.

“Mama,” Apio alisema. “Mama, nitazame. Mimi niko hapa. Yule si mimi.”

“Najua.”

“Unajua?”

“Tangu siku ile uliponiletea yunifomu. Mimi ndiye niliyeileta hapa, nikaitundika kwa msumari, nikamwita.” Felistus hakuyatoa macho yake mle ndani. “Wewe umekula miaka yote hii, umevaa, umesoma. Yeye hajapata hata kikombe. Nilimnyima kwa mkono wangu huu, Apio. Mimi si mama yako peke yako.”

Waliochaguliwa wakaanza kutoka kuelekea gari la serikali. Akurut alipita karibu yake bila kumsalimu. Rasto alimsukuma bega taratibu, kama anavyofanya mtu kwa mtoto asiyemjua.

“Sogea, msichana wa shule. Acha wachezaji wapite.”

Adongo alitoka mwisho. Alilipokea furushi kwa mikono miwili, akapiga goti mbele ya mama yake kama binti aliyelelewa vizuri, na Felistus akamshika kichwa, akamshika mashavu, akamshika mabega, akimpapasa bila kuchoka. Adongo alipompita Apio alitabasamu kwa heshima, bila chuki yoyote. Akapanda garini.

Gari liliondoka kwa barabara ya Kampala. Felistus alipunga mkono mpaka vumbi likatua kabisa, na Apio alisimama nyuma yake akingoja ageuke. Alipogeuka alishtuka kidogo kumkuta pale.

“Bado uko hapa?” alisema, na sauti yake haikuwa na ukali. “Nenda darasani, mwanangu. Nafasi yako ni ile.”