Kabaila Aliyemlilia Mke wa Mtu

Jumanne moja ya mwaka 1943, Léontine alikuwa uani kwake Kibabi akipura maharage, pale kabaila mmoja wa Kifaransa, aliyefariki miaka mia saba nyuma, alipochungulia kwenye uzio akaomba mahali pa kulala. Alivaa shati la vyuma lililoshika kutu. Léontine alimwonyesha kibanda cha wafu nyuma ya nyumba, maana kilikuwa kitupu tangu padri awakataze wahenga wa mumewe kukaa humo.

Lugha haikuwa shida. Wafu huzungumza na yeyote. Kabaila alieleza kuwa enzi zake alitunga nyimbo, maneno na sauti vyote vyake, za kumlilia bibi aliyemwacha alipokwenda ng'ambo kwenye vita vya Mungu. Bibi mwenyewe alikuwa mke wa mtu, lakini hilo halikumnyima usingizi. Léontine alimsikiliza huku akipepeta. Alimwona mvivu, ila sauti anayo.

Siku ya tatu alimpelekea maharage na kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi. Akangoja amalize, kwa kuwa desturi ya kule haina mzaha: mfu aliyelishwa na nyumba hawezi kuikatalia nyumba ombi.

"Papa, umekula," alisema. "Sasa uende kwa Muzungu wa serikali. Bwana yangu Théophile iko mu pori ya Walikale, balimupeleka kukamua miti ya mupira, mupira ya vita. Njo mwaka na nusu. Umuombe amurudishe."

"Vita ya nani?"

"Ya bale ba kwenu."

Kabaila akajipangusa midomo, akaenda. Polisi wa langoni, ambao mwezi uliopita walimfunga Faustin, jirani wa Léontine, kwa kutoka kijijini bila karatasi, walimpigia saluti mtu aliyetoka karne nyingine bila karatasi. Alikuwa mweupe, basi.

Akaimba barazani. Mzungu wa serikali aliangua kilio kwenye ubeti wa pili. Kutenganishwa na umpendaye kwa sababu ya vita! Alimwita mkewe, akamwita padri, na mwenye shamba la pareto. Wote wakalia mpaka leso zikaloa, Mungu awabariki kwa mioyo yao laini. Léontine alikuwa amesimama chini ya ngazi tangu asubuhi.

"Mama, sogea kidogo," Mzungu alimwambia kwa upole, machozi yakimtiririka. "Unatuzibia hewa."

Mwishowe kabaila alilitaja lile ombi. Mzungu alisikitika sana. Alisema vita ni vita, na wanawake wa huku wamezoea. Kisha akaomba ule wimbo wa kwanza urudiwe. Kabaila aliona ombi ameshalifikisha, akaurudia, na kuanzia siku hiyo akahamia barazani, ambako godoro lilikuwa zuri zaidi.

Théophile alirudi mwenyewe mwezi wa tisa, saa sita mchana. Alikuwa amekufa wiki iliyotangulia, kwa kuhara, ng'ambo ya mto Lowa, na alieleza hivyo bila kulalamika. Léontine alilia kwa uchungu hadi sauti ikamkauka. Hakuna aliyetoka kuja kumsikiliza. Akamwosha mumewe miguu.

Kesho yake polisi wawili wakaja. Walikubali kuwa amekufa. Mtu mwenyewe ameshasema, wabishane nini? Lakini siku zake za mpira zilikuwa hazijaisha, na kufa hakukuwemo katika sababu za kuachiliwa.

"Na ule mwingine?" Léontine aliuliza. "Ye hakukufa?"

"Ule ni mukubwa ya kwabo, Mama. Iko na kazi ya kuimba."

Théophile akachukua panga na kikapu. Léontine alimfungia mihogo kwenye majani ya mgomba, akamsindikiza mpaka barabarani.

"Utarudia lini?"

"Vita ikiisha."

Vita iliisha mwaka 1945. Ngoma zilipigwa hata Kibabi. Léontine alipika chakula cha watu wawili, akangoja siku nne, halafu akaenda kuuliza. Wakamwambia asiwe na wasiwasi: Théophile hajambo, na hawajapata kibarua mzuri kama yeye, hali chakula, haugui, wala hawezi kufa tena. Wamemhamishia kwenye kazi ya barabara.