Maji ya Mwezi Kumi na Nne

Nimejinyoosha juu ya turubai, sitahani mwa meli, jua la adhuhuri limenikalia usoni, na bismillahi sijaimaliza vizuri usingizi umenichukua. Mimi ndiye rubani. Mimi ndiye niliyempa Luteni saa ya maji kujaa, ili mashua za askari zipite juu ya mwamba na kukivamia kisiwa chenye mizinga. Mdogo wangu Shekue yumo katika mashua ya kwanza. Basi natembea. Barabara ni nyeupe, haina mwisho, kando yake mji wa kisiwa, na chini yake mji uleule kichwa chini miguu juu, mizinga juu, mizinga chini, yote imenielekea mimi. Mbele anakwenda mtu mwenye sare, uso hana. Wenzangu wako wapi? namuuliza. Wamefika kabla ya bahari, anasema. Loo! Niondolee mafumbo yako, bwana wee, nina ndugu yangu kule! Leo mwezi ngapi, rubani? ananiuliza. Kumi na nne, namjibu, kifua mbele. Nani kauona ulipoandama? Kulikuwa na wingu. Mtaa wa pili walisema umeandama, sisi tukakataa, tukatimiza thelathini zetu, maana sisi hatufuati mwezi wa watu. Ujinga mtupu! Kumbe leo ni kumi na tano, maji yanachelewa karibu saa nzima, na mimi nimewapeleka watu juu ya mawe.

Nakimbia, barabara inanirudisha palepale, nakimbia tena, na sasa nawaona. Mashua zimekwama juu ya mwamba, watu wanashuka, maji ya magoti, bunduki wamezishika juu ya vichwa, mizinga inaanza kunguruma. Shekue! Rudi, mdogo wangu, rudi! Anageuka. Kaka, si ulisema maji yatatosha? Hana hasira hata kidogo, na hilo ndilo linaloniua. Namshika mkono, navuta, navuta.

Nazinduka. Luteni amesimama kando yangu. Huu ndio ulimwengu wenyewe, au ule? Sijui, wala sina muda wa kujua. Bwana Luteni, nasema, na aibu yote naimeza, nilikosea hesabu, leo ni kumi na tano, waambie wangoje saa nzima. Anaugeukia mwamba, kule mizinga ilikokwisha nyamaza, kisha anavua kofia.

Nimwambie nani, rubani?