Duara la Mawe Juu ya Sidab

Njia ile ya mlimani juu ya Sidab, hapa Maskati, naijua kuliko mbuzi wake. Nimepotea mara nne tu, na mara moja katika hizo gari letu nalitazama kwa macho yangu.

Kila mwaka mvua za baridi zikishapita, mimi na dada yangu Masouda hupanda kwenda kuyaona maua. Yanaota kwenye kibonde kimoja, madogo ya zambarau, bahari iko chini yake. Hatuyachumi. Tunakaa, tunakunywa kahawa kwa halua, tunamsengenya asiyekuwepo, tunarudi. Masouda akimkuta mtu anachuma humuuliza, "Mwanangu, umeyapanda weye?" Basi mtu huyo hajui aweke wapi uso.

Mwaka huu Masouda hainuki. Yuko kitandani kwake Bawshar, na daktari kashatwambia tusimzuilie tena chakula, hata sukari. Nasi tumefahamu. Lakini yeye hataki kula. Anataka kujua kama maua yametoka.

"Nikishajua hilo, basi," anasema.

Mwezi uliopita nilikwenda peke yangu nikayakuta ndiyo kwanza yanachipua. Nikaogopa yatakanyagwa. Nikaokota mawe, nikayazungushia duara zuri, nikajisifu akili njia nzima.

Leo nimerudi. Watu wameona mawe yamepangwa duara, wakadhani jiko. Wamechoma mishkaki mle mle. Majivu, vijiti, makopo ya soda. Nimlaumu nani? Hata mie ningeona jiko. Nikapiga magoti nikachimbua kwa mikono, labda limesalia ua moja. Halikusalia.

Nikaenda moja kwa moja kwa Masouda.

"Yametoka?"

"Yametoka! Yamejaa mpaka njiani, sikuwa na pa kutia mguu."

"Ya zambarau?"

"Zambarau tupu, dada. Yamekuulizia."

Akacheka kidogo, akafumba macho. Uso wake ukatulia kama wa mtu aliyekwisha kufunga mizigo. Kisha akanyoosha mkono, akanishika wangu, akaugeuza.

"Na vidole hivi vyeusi?"

"Hina. Mkwe wangu kanipaka."

Akavileta puani. Akakaa navyo muda mrefu, macho bado kafumba, chozi linamshuka kuelekea sikioni.

"Hina gani hii, mdogo wangu, inayonuka mishkaki?"