Barabara Zisizokutana

Baba alifariki Ijumaa asubuhi. Alikuwa ameomba jambo moja tu, tumlaze kando ya mama.

Makaburi yetu yako ng'ambo ya yale yaliyokuwa mashamba ya mpunga, pembezoni mwa mji wa Malang. Zamani ungebandika wali, ukapita juu ya matuta kumwombea mama, ukarudi kabla haujaiva. Sasa pale pana nyumba mpya zilizozungushiwa ukuta na geti moja.

Mlinzi wa geti ni Suyatno, tuliyekua naye kichochoro kimoja. Alipoona jeneza, akainamisha kichwa.

"Tupishe, Yatno," alisema baba mdogo Ngatemin.

"Siwezi, baba mdogo. Wenye nyumba hawataki mtu wa nje apite hapa, sembuse maiti. Eti bei itashuka."

"Bei? Huyu alikubeba mabegani siku ya tohara yako, ukamlowesha shati zima kwa machozi! Leo humjui?"

"Namjua. Na wanangu wanakula kwa hili geti."

Alikuwa analia, lakini hakufungua.

Tukazunguka. Kwetu jeneza likifika njia panda, hurushwa mchele wa manjano na sarafu. Bakuli nilibeba mimi. Nilirusha mara moja, kwenye barabara kuu, na baada ya hapo sikuona njia panda nyingine. Tuliingia barabara ya lami mpya, ikaishia ukutani. Tukarudi, tukaingia nyingine. Ukuta tena.

"Hizi ni barabara au mifuko ya suruali?" alinong'ona jirani mmoja. "Mkono unaingia, hautokei popote."

Barabara ya mwisho ilitufikisha karibu kabisa. Juu ya ukuta tuliona vilele vya miti ya makaburini. Wanaume walitaka kumpitisha baba kwa juu, ila ukuta ulikuwa umepandwa vipande vya chupa. Mabega yao yalikuwa yanatetemeka. Jua lilikuwa kali.

"Maiti hasubirishwi," imamu alisema taratibu. "Basi."

Tulikodi pikapu. Baba akazikwa kwenye makaburi mapya kando ya barabara ya magari makubwa, kati ya watu tusiowajua. Dua haikusikika kwa kelele za malori.

Wakati wa kurudi nilimuuliza baba mdogo, "Mama nitamwambia nini?"

Alitazama bakuli la mchele mikononi mwangu.

"Utamfikia kwa njia gani, mwanangu?"