Gitaa ya Pili Peke Yake

"Leo ndio unaniambia? Na harusi ni kesho kutwa?"

"Si nimekuambia. Ama ulitaka barua kutoka kwa chifu?"

"Kihara, mimi nacheza gitaa ya pili. Ya pili. Hao watu waliitisha bendi."

"Bendi inaenda Naivasha. Hoteli imetuita, na hao hawaitangi mtu mara mbili. Hawa wa harusi ya Kiamunyi nimewaambia watapata gitaa moja, kitu ya pole pole, na wamefurahi."

"Si uende wewe basi. Wewe ndio unacheza ya kwanza."

"Na Naivasha nani ataongoza? Wewe?"

Omolo wa drum akacheka huko nyuma, akijifanya anakaza skrubu. Makhanu alimwangalia mpaka akanyamaza. Kihara naye akaweka gitaa yake chini, akakuja karibu kama mtu anataka kuongea poa.

"Kila siku unalia nimekuficha nyuma. Haya, toka mbele. Ukiweza hii, tukirudi tunaanza kugawana, wewe unacheza ya kwanza nusu ya nyimbo. Ukishindwa, hiyo story ya kufichwa usiniletee tena."

Maneno ikaishia hapo. Makhanu alibeba gitaa akarudi kwake Kaptembwa na miguu, moto imejaa kifua, kwa sababu hiyo ndio kitu alikuwa anataka tangu ajiunge na hiyo bendi, na sasa alikuwa amepewa kama mtu anatupiwa mfupa.

Shida ya gitaa ya pili ni kwamba haiimbi. Inakaa chini ya ile ya kwanza ikipiga tiki-tiki-ti, tiki-tiki-ti, ikishikilia wimbo usianguke. Ukiitoa peke yake ni kama umepakua ugali halafu ukakumbuka haukupika mboga. Makhanu alikaa kwa kitanda akajaribu kuweka ya kwanza juu ya ya pili na mkono moja. Vidole zilikataa. Akishika sauti ya juu, ya chini inapotea. Akirudisha ya chini, ya juu inakimbia. Jirani akagonga ukuta.

"Boss, hiyo wimbo inaanza lini?"

Na simu nayo haikumpa amani. Cate, dada ya bibi arusi, ndiye alikuwa anasimamia mambo ya muziki, na alikuwa anaamua kitu halafu anaiamua tena. Kwanza wasimamizi wanaingia na wimbo ya kanisa. Halafu hapana, ya kanisa iende kwa keki. Halafu bibi arusi, Wangui, anataka kutembea pole pole sana, kwa hivyo wimbo wake uwe mrefu, lakini usichoshe watu. Makhanu alisikiliza hiyo sauti ya mwisho aliyotumiwa mara mbili, akarusha simu kwa blanketi.

Ijumaa akaitwa Kiamunyi, kamati ya harusi imsikie. Hema zilikuwa zinapigwa kwa uwanja ya nyumba, akina mama wameketi chini ya ukuta wakimenya viazi, watu wa bwana arusi wameshafika kutoka Bungoma na mabegi zao bado ziko kwa veranda. Cate alimwekea kiti ya plastiki katikati, kama mtu anaenda kunyolewa.

Akacheza ya kanisa. Akacheza ingine ya redio. Kila akifika mahali Kihara huingia, mkono wake ulingoja. Hata yeye alisikia. Tiki-tiki-ti, halafu nafasi tupu.

"Ni kama unangoja mtu," Cate akasema.

"Singoji mtu."

"Basi mbona unasimama? Makhanu, mimi sitaki kukuvunja moyo, lakini kesho kuna watu wamealikwa hapa. Kwani hauna kitu yako? Yako wewe?"

Swali ilimuuma. Karibu ainuke. Lakini mkono uliingia kwa mfuko ukatoa penseli na kipande cha tyubu ya baiskeli, akaifunga penseli kwa shingo ya gitaa ikakanyaga nyuzi zote, vile kuka yake alikuwa anafanya. Huyo kuka ndiye baba ya mama yake, na ndiye alimfundisha hiyo wakienda nyumbani. Akalegeza nyuzi mbili, na akaanza.

Hiyo haikungoja mtu. Kidole gumba kilitembea chini peke yake kama mtu anarudi shamba, na hizi zingine juu zikawa zinaongea, zinajibizana, moja inauliza, ingine inakataa. Akina mama waliacha viazi. Fundi wa hema alisimama na nyundo mkononi. Makhanu hakuangalia mtu, lakini kwa mara ya kwanza tangu jana kifua kilifunguka. Na hii ndio Kihara hajui niko nayo, akawaza. Wacha asikie kwa watu.

"Hiyo," Cate akasema. "Hiyo ndiyo. Wangui ataingia na hiyo. Mbona ulikuwa unatutesa?"

Mama mmoja akainuka kwa wale wa viazi, akajipangusa mikono na leso, akakuja mpaka mbele ya kiti. Alikuwa Nanyama, shangazi ya bwana arusi.

"Kijana, hiyo umetoa wapi?"

"Ni ya kuka yangu, mathe. Nyumbani, upande wa Kimilili, huko Bungoma."

"Umekulia huko?"

"Hapana. Nimekulia Karagita, huko Naivasha. Mama alikuwa anafanya kazi kwa kampuni ya maua."

"Na ulimsikia akiicheza siku gani?"

Makhanu akaanza kuhesabu safari zao. Walienda nyumbani mjomba alipokufa. Wakaenda kukuu, bibi ya kuka, alipokufa. Wakaenda tena matanga ya binamu aliyekufa kwa pikipiki. Mama yake alikuwa hapewi ruhusa kwa kampuni bila mtu kufa.

Nanyama aliona vile uso wake umebadilika.

"Huyo mzee ninamjua. Alituchezea hiyo tukitoa kaka yangu kwa nyumba, tukimpeleka kwa shimo. Upande wetu wote tunaijua."

"Lakini aunty, haina maneno," Cate akasema. "Nani atajua?"

"Mimi. Na hao wote unaona hapo kwa veranda."

"Mathe, basi nipe ya harusi," Makhanu akasema. "Kuka alikuwa anacheza gani kwa harusi? Nionyeshe tu vile inaenda, nitaishika."

Nanyama alifikiria kweli kweli. Hakuwa na roho mbaya.

"Kwa harusi walikuwa wanaita mtu mwingine."

Simu ikalia. Alikuwa Kihara, kutoka Naivasha, na Makhanu akamwambia haraka haraka. Kihara akacheka mpaka akakohoa. "Piga hiyo hiyo, bana. Kwani nani amekufa? Usiniharibie jina." Akakata.

"Sikukatazi," Nanyama akasema. "Lakini ukianza hiyo kesho, mimi nitasimama, na watu wetu wote watasimama, kichwa chini. Ndiyo heshima yake."

"Si ni vizuri?" Cate akasema. "Bibi arusi akiingia, watu husimama. Itatoka poa hata kwa video."

Makhanu alimwangalia kuona kama anacheka. Hakuwa anacheka. Cate alikuwa anangoja jibu, na kamati inangoja, na yeye mwenyewe aliona vile itakuwa: Wangui anatembea pole pole na ile nguo nyeupe, anatabasamu upande huu na ule, na nusu ya hema imesimama ikimzika. Na watu watapiga makofi, na Jumatatu atakuwa anacheza ya kwanza.

Akafungua ile tyubu. Penseli ikaanguka kwa nyasi, na Nanyama akainama, akaiokota, akamrudishia.

"Kesho tafuta spika, mcheze nyimbo za simu," Makhanu akamwambia Cate.

"Unaenda wapi? Makhanu. Nimwambie Kihara nini?"

"Mwambie vile unataka."

Akatupa gitaa begani, akageuka, akapita katikati ya hema na viazi akielekea geti.