Kidole Kwenye Hati

Mkono wangu wa kushoto una vidole viwili visivyokunjika. Watu wanaokuja kwangu kupakia karatasi zao mtandaoni huvitazama nikichapa, wakadhani nimezaliwa hivyo, na mimi huwaacha wadhani. Leo nimeamka vibaya, kwa hiyo nitasema. Vilivunjwa kwa spana ya magurudumu ya lori, mchana kweupe, mlango ukiwa wazi na watu wakipita.

Kazi yangu ni hii. Ofisi zimekataa karatasi. Ukipeleka fomu yako dirishani unaambiwa kaipakie mtandaoni, na hapo mtu aliyeshika kalamu maisha yake yote anakuja kwangu na bahasha kwapani, jasho linamtoka. Nina meza, kompyuta moja, skana, printa na benchi. Nimeona mengi. Yupo aliyeinua kipanya hewani akakielekeza kwenye skrini kama tochi. Yupo aliyenizuia nisifunge mfuniko wa skana mpaka muhuri wake ukauke, na muhuri wenyewe ulikuwa na miaka kumi na tisa. Siwacheki mbele yao. Kitufe cha Enta nimekipaka rangi nyekundu ya kucha ili wakione upesi, na printa nimeipanga itoe risiti yenyewe, maana hawaamini kitu kisicho karatasi.

Nilikuwa pia na sheria moja: anayebonyeza mwisho ni mwenye karatasi, kwa kidole chake. Bwana mmoja aliwahi kuapa mbele ya maofisa kwamba yeye hakutuma kitu, ni yule dada wa skana aliyetuma kwa ujeuri wake. Nilisumbuliwa miezi miwili. Tangu hapo nikasema kidole changu hakitumi ya mtu.

Mama mshonaji alifika saa nane na nusu. Mumewe alikuwa amefariki mwaka uliopita, na shemeji yake, dereva wa lori, mdogo wa marehemu, alikuwa ameomba nyumba iandikwe jina lake. Pingamizi la mshonaji lilitakiwa lifike kabla ya saa kumi siku hiyohiyo. Likichelewa hata dakika moja, yeye na binti zake wawili wanatolewa nje. Hati ya nyumba alikuwa ameishona ndani ya godoro, na asubuhi ile ndipo alipolifumua.

Barua ya pingamizi na cheti cha ndoa alinipa bila neno. Hati aliing'ang'ania. Aliilaza mwenyewe kwenye kioo cha skana, akaibana kona kwa kidole cha shahada, akakaa hivyo. Nikamwomba atoe kidole. Akasema akikitoa mashine itaimeza. Nikamweleza kwamba mashine inapiga picha tu, wala haina tumbo. Akanitazama kwa huruma, kama mimi ndiye niliyedanganywa. Kwenye benchi alikuwepo mzee mmoja, mlinzi mstaafu aliyekuja kwa ajili ya pensheni yake. Alicheka mpaka akakohoa, akasema katika miaka yake yote ya lindo hajaona mali ikilindwa namna hiyo.

Alipokataa mara ya tatu niliangalia saa nikaamua liwalo na liwe, nikapiga na kidole chake humohumo. Picha ikatoka safi: hati nzima, muhuri, sahihi, na kwenye kona ya chini kidole cha mshonaji, chenye vitundu vya sindano.

Saa tisa na robo kila kitu kilikuwa tayari. Ilibaki Enta. Nikamwambia, "Mama, weka kidole hikihiki hapo penye wekundu, ubonyeze mara moja. Basi, imekwisha."

Akaniomba nimsomee tena kuanzia mwanzo. Nikasoma. Akataka kuhakikisha majina ya binti zake yamekaa sawa. Nikayasoma herufi kwa herufi. Akaomba apumue kidogo. Ningeweza kunyoosha mkono nikabonyeza mimi, ingechukua muda wa kupepesa jicho tu. Sikunyoosha, kwa sababu ya sheria yangu ya kipumbavu, na hilo sitajisamehe.

Dereva aliingia bila hodi. Alikuwa ametoka kwa mshonaji, amekuta godoro limefumuliwa, na jirani mwenye mdomo mwepesi amemwonyesha njia. Spana alikuwa nayo mkononi. Mzee wa pensheni aliinuka kumpokea kwa maneno ya kiutu uzima, kwamba mambo ya familia huzungumzwa, na dereva akamchapa mbavuni kabla hajamaliza sentensi. Nilisikia mfupa. Mzee alikaa chini taratibu, mdomo wazi, bila sauti.

Nilikimbilia kibodi niifunike kwa mkono. Lilikuwa kosa. Spana ilitua juu ya vidole vyangu nikaona nyota, na teke likanipeleka chini ya meza. Kutoka huko niliona miguu tu: viatu vyake vya kazi na ndala za mshonaji, zikisukumana. Kumbe dereva alikuwa amesimama dirishani muda kidogo kabla ya kuingia, na alikuwa amesikia nilichomwambia yule mama.

"Shemeji," alisema, "kidole cha kubonyezea ni kipi?"

Mshonaji alikunja ngumi. Dereva alimshika mkono wa kulia, akaubandika mezani, akakunjua kile cha shahada peke yake. Alipiga mara mbili. Ya kwanza mshonaji alipiga ukelele. Ya pili hakuwa na pumzi ya kupigia. Kisha dereva akageukia skrini. Aliivunja kwa bidii ya mtu anayepasua kuni, vioo vikanimwagikia shingoni, na skrini ilipoanguka chini aliifuata akaikanyagakanyaga. Alichomoa hati kwenye skana, akaichana vipande, vingine akavitia mdomoni akavitafuna na kuvitema. Halafu akaketi kwenye benchi anahema, amelegea, na akasema kwa upole kabisa kwamba sasa yamekwisha, turudi nyumbani tuzungumze.

Kumbe naye alikuwa mgeni wa kompyuta kama wateja wangu wote. Kwake yeye ile skrini ndiyo ilikuwa kompyuta. Kompyuta yenyewe ilikuwa chini ya meza, sentimita chache kutoka puani mwangu, na taa yake ya kijani ilikuwa inawaka.

Kibodi ilikuwa imeanguka karibu na magoti ya mshonaji, inaning'inia kwenye waya wake. Nilijikokota kuifuata, dereva akaniwekea kiatu mgongoni akaniuliza naenda wapi. Sikuweza kusogea. Nikamwambia mshonaji, kwa sauti ya mtu anayeaga dunia, "Mama, pale penye wekundu."

Aliitazama kibodi. Damu yake ilikuwa imeimwagikia yote, kila kitufe chekundu. Aliinua macho kwangu, na sijawahi kumwonea mtu uchungu kama nilivyomwonea yeye wakati ule.

"Kile kikubwa," nikasema. "Upande wa kulia."

Alikuwa na vidole tisa vizima. Alitumia kile kilichopondwa. Nilipomuuliza hospitalini, aliniambia mimi ndiye niliyemwambia kidole hikihiki, na hakutaka kuharibu. Alikisukuma kwenye kitufe huku ameuma midomo, na mfupa ukajitokeza pembeni ya ukucha.

Printa ikakoroma. Dereva aligeuza kichwa akauliza ni nini hicho. Nikamwambia, "Risiti." Furaha niliyoipata kutamka neno lile sina ya kuilinganisha nayo.

Alifahamu. Aliirukia printa kwa spana, nami mgongo ukawa huru. Juu ya rafu ya chini kulikuwa na stepla yangu kubwa, ile ya vitabu, chuma kitupu. Nilimpiga nayo gotini kwa mkono uliobaki, nikampiga tena alipoinama, kwenye taya. Mzee wa pensheni alikuwa ametambaa mpaka mlangoni, na kwa mbavu zilizovunjika akatoa sauti yake ya lindo, ile ya kuita wenzake. Mafundi wa kuchomelea vyuma wa jirani walikuja na walichokuwa nacho mikononi. Walimtoa nje wakamlaza barabarani wakampiga, na mimi nilisimama mlangoni nikitamani wasiache. Nasema kweli, nilitamani wamalize.

Mshonaji ndiye aliyetoka, mkono ameufunga kwenye nguo yake.

"Mwacheni," alisema. "Huyo ni baba mdogo wa wanangu. Nataka awepo siku ya kusikilizwa, ajionee."

Wakamwacha, shingo upande.

Alikuwepo kweli, taya limefungwa waya, katikati ya askari wawili. Mimi niliitwa kama shahidi. Ofisa alifungua faili kwenye skrini yake kubwa iliyotuelekea wote. Akapitisha barua, akapitisha cheti cha ndoa, akafika kwenye hati, akakunja uso. Alisema kwa ukali kwamba nyaraka za serikali hazichezewi, akauliza kidole hiki kwenye kona ni cha nani.

Kilikuwa kimetokea vizuri sana pale juu, kimenyooka, vitundu vya sindano vinahesabika.

"Ni changu," mshonaji alisema, akauweka mkono wake wa kulia juu ya meza, vidole vinne.

Ofisa aliutazama mkono. Akaitazama skrini. Akamtazama dereva kwa muda mrefu, na dereva akatazama sakafu. Kisha akavuta kipanya chake, akaifungua fomu ya dereva ya kuomba nyumba, akabonyeza Kataa mbele yetu sote.