Rafu kwa Kimo cha Picha

Wa kwanza kuyasimulia haya ni bibi mwenyewe, mwaka mmoja baada ya jiko kukamilika, akikunja shuka na wajukuu wawili: kwamba alikuwa ameinua mikono yote miwili, ameshikilia ubao wa rafu ukutani, na mke wa mwanawe anasema usitikisike mama, dakika mbili tu, na seremala anatafuta penseli iliyo sikioni mwake, na yeye anawaza kabati zile, mpya kabisa, kwa nini wamezipiga msasa pembeni zionekane zimechakaa, kuchakaa hakuhitaji kusaidiwa… rangi ya maziwa, pazia la maua chini ya sinki, vikombe vya bati kwenye misumari, vyote kama kwenye picha ile ya jiko la zamani, mkamwana kaikuta kwenye bahasha akazunguka nayo madukani, nataka ujione umerudi kwako, mama, na mtoto huyu ana roho nzuri, nzuri mno, utamwambia nini… “Bibi ana mikono ya chuma,” anasema seremala, “ningekuwa naye kazini ningelala mchana.” “Mwache mama yangu, we tafuta penseli,” anajibu mkamwana, na pichani mama mkwe wake yeye bibi kasimama katikati, mrefu kama mlingoti, mkono uko rafuni bila kujinyoosha, na pembeni kiwiko, mkamwana aliuliza cha nani akamjibu sijui, na kilikuwa chake yeye bibi, wakati huo bi harusi wa miezi minne, rafu imepigiliwa kwa kimo cha mwenye jiko, miaka thelathini na moja akipanda ndoo kufuata chumvi, na mama mkwe kiti chake mlangoni, kumbe bado hujarefuka, kila siku, mzaha huo huo, naye akicheka, alijifunza kucheka akiwa juu ya ndoo… mabega yanawaka, “Mama, ndipo hapa hasa? Kama pichani?” mashine ya kutobolea imegusa ukuta, ndiyo ni neno fupi, amelisema maisha yake yote, ndiyo mama, bee mama, na mkamwana anatabasamu, anangoja, akisikia hapana atalia, au hatalia, atashangaa tu, kushangaa hakuui mtu… na aliyetaka iwe juu hayumo humu, leo ndiyo kwanza analiona hilo, hayumo, na mikono ingali juu, na seremala anangoja, na neno limekwisha kufika kooni, shusha, mwanangu, mpaka hapa kifuani.

Mama mkwe ametangulia zamani. Seremala naye, mwaka juzi. Mkamwana yu hai. Bibi yu hai. Wajukuu wote wamempita kimo, na wakitaka kitu jikoni kwake huinama.